Somo: Kutunga lugha na matabaka ya dola ya kubuni (someni hapa, msinifuate inboksi)

Nimechoka. Kila mara kuna mtu ananifuata inboksi: "Mkuu, ile lugha ya Watharuma uliitungaje?" Naandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia kiungo cha uzi huu. Kwa wageni: Tharuma ni dola ninayoiandikia hadithi. Iko kwenye mteremko wa mlima, na anayeshika maji ndiye anayeshika watu. Mtu wa Moshi aliyekulia jirani na mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga, hahitaji kuelezwa wazo hilo limetoka wapi.

Hatua ya 1. Chora ramani. Mlima, mto, njia ya biashara. Basi.

Hatua ya 2. Panga kazi kabla ya kupanga vyeo. Wengi wanaanza na mfalme, chini yake makuhani, askari, wakulima, watumwa, ngazi imenyooka utadhani ya fundi rangi. Matabaka ya kweli hayanyooki hivyo. Uhindi kuna varna, yaani matabaka makuu, 4 za kwenye maandiko, lakini ukija kwenye kuoana, watu wanaangalia jati, yaani kundi dogo la kuzaliwa, na jati ziko kwa maelfu. Japani waliotengwa walikuwa wachinjaji na watengeneza ngozi, kwa kuwa kazi yao iligusa kifo. Sheria iliifuta hadhi hiyo mwaka 1871, dharau ikaendelea bila sheria. Hapa kwetu, kwa Wamaasai, wahunzi walioitwa ilkunono walioana wao kwa wao, na morani aliyewadharau alitembea na mkuki waliomfulia wao. Hadithi iko hapo. Tafuta kazi ambayo dola yako haiwezi kuishi bila hiyo, lakini haitaki kula sahani moja na anayeifanya. Tharuma ni wazishi. Wanazika maiti, na ndio hao hao wanaozibua mifereji.

Hatua ya 3. Chagua sauti. Irabu 5, konsonanti 15 hadi 20, amua silabi zinakaaje. Usimwage ritifaa (') kila mahali ili neno lionekane la kigeni.

Hatua ya 4. Tunga mizizi 100 ya maneno. Maji, mtu, mama, kula, kufa, njia. Mingine itakuja ukiihitaji.

Hatua ya 5. Izeeshe lugha. Lugha isiyo na umri inanuka plastiki. Angalia Kiswahili chenyewe: tunasema fungua lakini funguliwa, nunua lakini nunuliwa, pokea lakini pokelewa. Ile l ilikuwepo, ikadondoka katikati ya irabu, ikabaki imejificha kwenye kauli ya kutendwa. Nawe fanya hivyo: chukua kanuni moja ya mabadiliko ya sauti na uipitishe kwenye maneno yote bila huruma. Mimi nilisema k ikikaa kati ya irabu mbili inakuwa h. Meka, maji, ikawa meha. Sako, mfereji, ikawa saho. Kuro, mtu, haikuguswa kwa sababu k iko mwanzoni. Lakini wingi unaundwa kwa kutanguliza a-, kwa hiyo watu si akuro tena, ni ahuro. Umepata neno lenye wingi wa ajabu bila kulitungia sababu.

Sasa unganisha na matabaka. Mabadiliko ya sauti yanasafiri kwa watu wanaoongea pamoja. Wazishi hakuna anayepiga nao soga, kwa hiyo k yao imebaki: meka, sako, akuro. Mjini watoto wanawacheka. Ila sala za hekaluni zilitungwa zamani, kabla ya k kugeuka h, na kuhani lazima azitamke zilivyo. Maana yake kila asubuhi mtu mkubwa kuliko wote anasimama mbele ya umati na kutamka kama mchimba kaburi. Sikuipanga hiyo, kanuni ndiyo iliyoileta, na hadithi nzima ilizaliwa hapo.

Hatua ya 6. Lugha ya adabu. HAPA SOMENI TARATIBU, ndipo rasimu yangu ya kwanza ilipokufa. Nilimpa kila tabaka msamiati wake kamili. Mhusika mmoja akiomba maji, mwingine haelewi, msomaji haelewi, na mwandishi anapekua daftari. Matabaka yanayoishi pamoja yanaelewana; yasipoelewana, nani atamwamuru nani? Kijava, kule Indonesia, kinafanya jambo hili kwa akili. Kuna usemi wa kawaida, ngoko, na usemi wa adabu, krama, lakini maneno yanayobadilika ni sehemu tu ya msamiati, hasa yale ya mwili, chakula, nyumba, kwenda na kutoa. Kula ni mangan kwa ngoko, nedha kwa krama, na dhahar ukimsemea mtu wa kuheshimiwa. Maneno mengi yaliyobaki wanatumia yaleyale.

Tahadhari:
- Usizidishe maneno 40 ya adabu. Msomaji atayakumbuka matano.
- Neno la heshima ya juu mtu hajisemei mwenyewe. Mjava hasemi dhahar kwa mlo wake mwenyewe. Tharuma kula ni tema, na ukimsemea mgawa maji, ambaye ni mkubwa, ni irune. Mlinzi wangu mmoja alisema "nimekwisha irune" akiwa amelewa. Sura nzima imetoka kwenye sentensi hiyo.
- Amua nani anaruhusiwa KUKOSEA. Mtoto, mgeni, mlevi, mjukuu wa mwisho. Adabu ambayo hakuna anayeivunja haionekani.
- Usigeuze Kichaga au Kimaasai herufi mbili tatu ukasema ni lugha ya tabaka la chini. Watu wanasoma, na bibi zao wako hai.

Hatua ya 7. Andika ukurasa mmoja wa mazungumzo bila tafsiri, umpe mtu asome. Akikwambia nani mkubwa hapo, umefaulu.

MASWALI

Kijana wa Pasua: Mkuu naomba PDF ya lugha nzima iliyokamilika.
Jibu: Hatua ya 4.

Kijana wa Pasua: Nimesoma, sijaona PDF.
Jibu: Ndiyo.

Mdau wa Ngarenaro: Si rahisi tu tabaka la chini waongee kwa ile milio ya ulimi kama Wahadzabe? Inavutia.
Jibu: Hapana. Wahadzabe ni watu walio hai, wako huko Ziwa Eyasi, si vipodozi vya riwaya. Halafu milio hiyo ni konsonanti kama b na d. Kizulu kinayo, na Wazulu walikuwa na ufalme wenye jeshi. Kwa nini milio iende kwa wa chini moja kwa moja?

Mdau wa Ngarenaro: Nimeuliza tu, mbona ukali?
Jibu: Sijakasirika. Wape makuhani, uone hadithi inavyogeuka.

Mama wa Njiro: Hongera kwa somo, mwanangu. Swali langu: binti wa wagawa maji akiolewa kwa askari, anaongeaje na wakwe? Anabaki na maneno ya kwao?
Jibu: Shikamoo mama. Hili swali nililisubiri. Tazama Wazulu na Waxhosa: kuna desturi ya hlonipha, ambapo mwanamke aliyeolewa anaepuka kutamka jina la baba mkwe, na hata silabi zinazofanana nalo ndani ya maneno mengine. Anatumia neno mbadala. Ukiipeleka kwenye dola ya kubuni, kila nyumba inakuwa na kamusi yake ndogo, na inashikwa na wake. Chukua mkwe anaitwa Mehari. Binti hawezi tena kusema meha, anasema labda "baridi" akimaanisha maji. Watoto wanajifunza kwake. Vizazi viwili baadaye mtaa mzima wa askari unaita maji baridi, hakuna anayejua kwa nini. Na huyo binti, kwa kuwa kwao ni wakubwa zaidi, mkwe ampe irune au tema? Mimi ningeacha wakwe wabishane, sura mbili hivi.

Mama wa Njiro: Marahaba. Nitaiba hiyo ya baridi.
Jibu: Chukua mama, ni yako.

Mwalimu wa Marangu: Mwandiko je? Dola bila maandishi inakusanyaje kodi?
Jibu: Wainka waliendesha dola kubwa kwa quipu, kamba zenye mafundo ya hesabu. Tharuma zamu za maji zinafungwa kwenye kamba. Kumbuka kuuliza nani anajua kusoma mafundo, kwa sababu huyo anaweza kumwibia mkubwa wake mchana kweupe.

Mwalimu wa Marangu: Basi nenda kaongee na wazee wanaosimamia mifongo huku kwetu. Mgawanyo wa zamu una maneno yake na faini zake. Utapata kuliko kwenye intaneti.
Jibu: Nakuja, mwalimu. Wengine msichukue tu bila kuwaeleza wazee mnaandika nini.

Dada wa Kaloleni: Majina yangu ya wahusika yanafanana yote, nachanganya mwenyewe.
Jibu: Yatamke kwa sauti. Mimi huyasema kwenye Hiace za Moshi–Arusha, nikijifanya niko kwenye simu. Ukijikwaa ulimi kabla ya Boma Ng'ombe, jina hilo futa.

Dada wa Kaloleni: Na unaandika wapi, simu au karatasi?
Jibu: Kaunta buku. Simu inatafuta haraka, lakini karatasi inabaki na neno ulilolikata, na maneno yaliyokatwa ndiyo mazuri kwa wazishi.

Kijana wa Pasua: Kaunta buku ya kwaya ngapi?
Jibu: Swali zuri sasa. Kwaya 3. Kurasa za nyuma ziachie matusi, zitajaa kabla ya zile za sala.