Kabla Hujalipia Gari la Juu: Mambo ya Kuzingatia kwa Mnunuzi wa Tanga

Ndugu na majirani hunipigia simu wakiwa tayari wamesimama mbele ya gari la juu, yale yaliyoinuka kama Harrier na X-Trail. "Kaka, nimeona Vanguard huku Chumbageni, rangi haina hata mkwaruzo, nilipie?" Swali hilo silijibu kabla ya kuuliza langu: gari hilo utakwenda nalo wapi?

Mtu wa Tanga mjini, siku nyingi za mwaka, safari zake ni fupi mno. Kutoka Raskazone kupeleka watoto shule, kupita sokoni Ngamiani, kurudi nyumbani: injini haijapata hata joto lake sawasawa. Halafu ukaja msiba Lushoto. Gari lilelile linapakia watu saba, sufuria na gunia la mchele, linakimbia hadi Mombo kwenye joto la bondeni, kisha linaanza kupanda kona za Soni kwa zaidi ya kilomita 30. Wakati wa kurudi, Muheza wanaongeza machungwa. Gari la kununua ni lile linaloweza maisha yote mawili. Ukilipima kwa maisha ya mjini peke yake, mlima ndio utakaokuonyesha ulichonunua.

Shemeji yangu alionyeshwa hivyo. Alinunua kwa dalali gari la viti saba, likamtumikia vizuri miezi minne, watu wote wakalisifia. Safari yake ya kwanza ya Lushoto akiwa na mama mkwe na watoto, kabla ya kufika Soni injini ikawa inanguruma na gari haliendi. Giaboksi ilikuwa imechemka. Walishuka wote wakakaa kando ya barabara hadi jioni, mama mkwe akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini. Tangu siku hiyo sitaki mtu wangu alipie gari la aina hii kwa kuangalia rangi.

Ujue kwanza limeumbwaje. Haya magari tunayoyaita ya juu, Harrier, Vanguard, X-Trail, Forester, CX-5, Outlander, si ndugu wa Prado hata kama yanasimama nayo bega kwa bega. Prado bodi yake imefungwa juu ya chasisi ya vyuma viwili virefu. Haya mengine bodi na chasisi ni kitu kimoja, kama gari dogo. Harrier asili yake ni Camry, Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, Forester inatoka ukoo wa Impreza. Ndiyo maana ni laini barabarani na hazinywi mafuta kama Prado. Ndiyo maana pia zikipata ajali ya kupinda bodi haziponi sawasawa, na barabara ya mashimo inamaliza bushi, boljointi na shokapu mapema. Ukinunua la kwendea shamba la Amani kila wiki wakati wa masika, fikiri tena.

Jambo la pili ni difu, yaani mtambo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Wengi wanaamini kila gari la juu linavuta magurudumu manne. Si kweli. Soma namba ya chasisi. Harrier ya mwaka 2003 kuendelea, ile iliyobatizwa tako la nyani, ikiandikwa ACU30W inavuta mbele tu. ACU35W ndiyo inayovuta kote. Ile iliyotoka 2013, Anaconda, ZSU60W ni ya mbele tu na ZSU65W ni ya kote. Kwa Vanguard ya 2.4, ACA38W ni mbele, ACA33W ni kote. Anayeishi mjini na kusafiri kwa lami hadi Dar au Horohoro hana haja ya kulipia difu ya nyuma. Ila asiuziwe cha mbele kwa bei ya kote. Na kwa Forester, ambayo huvuta kote muda wote, hakikisha matairi yote manne ni ya saizi moja na yamelika sawa. Tairi mbili mpya mbele na mbili chakavu nyuma huitesa mitambo inayogawa nguvu.

Sasa kutu. Hapa naomba uniwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani tumeizoea kutu hadi hatuioni. Gari linaweza kuwa limetumika kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, likasafiri wiki kadhaa baharini, kisha likaja kulala Raskazone kwenye upepo wa bahari. Chumvi juu ya chumvi. Bodi ya juu hupakwa rangi ikang'aa. Kutu iko chini. Usikubali kukagua gari likiwa limesimama chini tu. Lipeleke gereji yenye shimo au jeki ya kunyanyua, uingie chini na tochi. Tazama mabomba ya breki, fremu ndogo inayobeba ekseli ya nyuma, mikunjo ya ndani ya matao ya magurudumu na sehemu za kuwekea jeki. Gongagonga na bisibisi. Kutu ya juujuu inakwanguliwa na kupakwa rangi ya kinga; chuma kinachobonyea ukikigusa, au dawa nyeusi mpya iliyopakwa nene sehemu moja tu, ni sababu ya kuondoka. Ndani, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake na uangalie reli za viti chini. Tope ndani ya mkanda na kutu kwenye reli ni dalili ya gari lililowahi kuzama kwenye maji, na gari hilo nyaya zake zitakusumbua hadi uchoke.

Giaboksi ndiyo roho ya ukaguzi wote. Harrier ya tako la nyani ya 2.4 ina giaboksi ya kawaida ya otomatiki ya gia nne, ya kizamani lakini vumilivu. Vanguard ya 2.4, Harrier ya 2013 ya 2.0 isiyo na tabo (turbo), X-Trail za toleo la T31 za petroli ya 2.0, Murano nyingi, Forester za kuanzia 2012: hizi nyingi zina CVT, yaani badala ya gia kuna mkanda wa chuma au mnyororo unaobanwa kati ya puli mbili. Ikitunzwa inaokoa mafuta na ni laini kama maji. Ikipuuzwa haina huruma, na adui yake ni joto na oili mbovu. CVT haiwekwi oili ya otomatiki ya kawaida. T31 inataka NS-2, Vanguard inataka ya Toyota iitwayo TC, Harrier ya 2013 inataka FE. Muulize muuzaji aliweka oili gani na lini. Akijibu "ile nyekundu tu", umeshapata jibu lako.

Kuipima, mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Shika boneti: iwe baridi. Washa, kanyaga breki, tia R, subiri, tia D. Gari liitike mara moja, bila kugonga wala kusita. Kisha endesha muda mrefu, si kuzunguka mtaa. Nenda Muheza na urudi, kama kilomita 70 kwa jumla, ukiwa na watu ndani. Ukikanyaga kupanda kilima, mshale wa mizunguko usipande peke yake huku gari likibaki nyuma. Sikiliza mvumo kama wa ndege inayoruka mbali angani; mara nyingi hizo ni beringi za ndani. Gari likitetemeka unapoondoka taratibu kwenye foleni, usiambiwe ni plagi. Kama muuzaji anakataa safari ya Muheza, hata kwa mafuta yako, mshukuru uende zako.

Injini hutofautiana na kila moja ina ugonjwa wake. Ya 2.4 ya Toyota, 2AZ, iliyomo kwenye Harrier ya zamani na Vanguard, inatumia cheni, haina mkanda wa kubadilisha. Lakini za kuanzia mwaka 2006 hivi zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Acha injini iungurume taratibu dakika tano, kisha mtu akanyage mafuta wakati wewe uko nyuma: moshi wa buluu ndio huo. Zile za kabla ya hapo zina tatizo jingine, bolti za silinda hedi za upande wa nyuma hulegea zikang'oa nyuzi. Tazama kwa tochi nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, kama kuna utandu mkavu wa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, umeshikilia. Forester za zamani zenye injini ya EJ zina mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Usipopata ushahidi wa kubadilishwa, hesabu gharama hiyo kwenye bei.

CX-5 ya dizeli ni nzuri sana kuendesha, ina nguvu na inanywa kidogo. Kwa mtu wa safari ndefu ni gari la maana. Kwa mtu wa Tanga mjini, sikushauri. Bomba lake la moshi lina kichujio cha masizi kinachojisafisha kwa kuyachoma, na ili kuyachoma kinahitaji mwendo mrefu wenye joto. Kilomita tatu za kwenda kazini hazitoshi. Usafishaji unakatika njiani, dizeli inashuka kwenye oili, oili inazidi kipimo na kupoteza unene. Ukikuta stiki ya oili inaonyesha juu ya kiwango, usidhani mwenye gari ni mkarimu.

Haibridi, yaani gari linalotumia mafuta na umeme kwa pamoja, nazo zimeingia kwa wingi. Betri yake kubwa hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kwenye tundu karibu na kiti cha nyuma. Mtu akiweka mabegi hapo, au vumbi likaziba, betri inaiva. Fungua tundu hilo ulitazame, halafu ipimwe kwa kompyuta na fundi anayejua kusoma kila kifungu cha betri peke yake.

AC ipime saa saba mchana gari likiwa limesimama, siyo asubuhi. Redio za Japani hushika FM kuanzia 76, nyingi haziendi juu, lakini hilo hurekebishika kwa bei ndogo. Matairi yana namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari mengine huja na matairi laini ya theluji; kwenye joto letu yanaisha upesi na kwenye mvua hayakai vizuri, hivyo hesabu manne mapya.

Kama unaagiza mwenyewe, omba karatasi ya mnada ya Japani na ujifunze kuisoma kabla ya kutuma fedha. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, R ni gari lililowahi kutengenezwa baada ya kugongwa. Kwenye mchoro wa gari, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma, XX ni kipande kilichobadilishwa. Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani huonyesha kilomita. Zilinganishe na dashibodi, maana kurudisha kilomita ni kazi ya nusu saa. Kodi nayo ipigie hesabu kwanza kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya cc 1001 hadi 2000, asilimia 10 ikizidi hapo. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na likizidi 10 asilimia 30. Viwango huguswa na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo hakiki mwaka wako. Lakini uone mwenyewe: injini ya 2.4 ya mwaka 2008 inayouzwa rahisi Japani inaweza kukufikia kwa kodi iliyozidi bei yake.

Anayenunua jipya ana maswali machache zaidi, ila ni mazito. Dhamana inashika kwa huduma ya hapa Tanga, au kila sevisi ni safari ya Dar, zaidi ya kilomita 300 kwenda pekee? Spea za kawaida, pedi, vichujio, taa ya mbele, ziko dukani leo au zinaagizwa? Sevisi ipangwe kwa ratiba ya mazingira magumu, maana vumbi, joto na safari fupi ndivyo vinavyoitwa hivyo kwenye vitabu vya watengenezaji.

Siku ya kulipa, kadi ya gari iwe halisi mkononi, siyo kivuli, na jina lililopo ndilo la mtu aliye mbele yako au mtu huyo awe ameandikiwa uwakala kisheria. Kadi ikiwa benki, gari ni la mkopo. Kagua namba ya usajili kwenye mfumo wa faini za barabarani wa polisi, kwa sababu faini huifuata namba. Linganisha chasisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Andikishianeni kwa wakili, mwende TRA kuhamisha umiliki siku hiyohiyo mkiwa wote wawili, na kabla hujabonyeza kutuma fedha uwe umepokea funguo ya pili, jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba lililojazwa upepo.