MGB ikimisi, shika distributa kwanza
MGB (gari ya zamani ya michezo ya Kiingereza) inayotulia asubuhi kisha ikaanza kumisi (injini kukatakata) jua la Kampala likipanda, usiikimbizie kabureta. Mimi hufungua distributa, inayogawa umeme kwa plagi, mafundi wa soko la vipuri la Kisekka wanicheke tu.

Zima swichi, toa kifuniko. Kuna waya mfupi mwembamba unaoingilia ubavuni kwenda kwenye platini, ncha zinazokata na kuunganisha umeme. Kila unapokanyaga au kuachia mafuta, vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) huzungusha kidogo sahani ya platini, na waya hupindwa palepale miaka nenda miaka rudi. Nyuzi za shaba hukatika huku ganda likiwa zima, kwa hiyo macho hayatakusaidia. Weka mita ya umeme ncha hadi ncha ya waya, sukuma sahani kwa bisibisi mbele na nyuma. Sindano ikirukaruka, umemkamata mwizi. Mpya uwe laini, wa nyuzi nyingi. Ule mgumu wa redio utakatika tena. Waya mdogo wa arthi ya sahani upime vilevile.

Ukikuta ni mizima, mwanya wa platini uwe milimita 0.35 hadi 0.40. Kisha jaribu kondensa (kile kikopo kidogo ndani ya distributa) nyingine, maana baadhi hufa zikipata moto tu.

Petroli iwe mwisho. Gari ikizimia kwenye mlima wa Kololo, sikiliza pampu huko nyuma: ukiwasha swichi lazima igonge.