Kumbi la dafu kwanza, wewe baadaye

Kwa sisi tunaookoa waogeleaji Mombasa, mgeni wa kutuliwa jicho si yule asiyejua kuogelea. Huyo hukaa maji ya magoti. Ni yule aliyejifunza kwenye bwawa la hoteli.

1. Uliza maji yanajaa au yanapwa. Muuza madafu yeyote atakujibu. Yanapopwa, maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe hutafuta mlango wa kutokea, na ukiwa karibu na mlango huo utaenda nayo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa hukaribia mita 4. Kupwa huchukua kama saa 6; zile mbili za katikati ndizo zenye kani.

2. Rusha kumbi. Ukishamaliza dafu lako, rusha kumbi pale unapotaka kuogelea, kisha hesabu polepole hadi 60. Likirudi pwani, ingia. Likishika njia ya bahari kuu, tafuta pengine (na usilifuate!). Angalia hasa pale mawimbi yanapovunjika kulia na kushoto huku katikati pametulia. Wageni hupapenda. Kumbe ndiyo njia ya mkondo.

3. Ukibebwa, lala chali. Mkondo haukuzamishi, unakupeleka tu. Masikio majini, pua juu, pumua, inua mkono mmoja uonekane. Ukipata nguvu, ogelea sambamba na ufuo mpaka usihisi kuvutwa, ndipo urudi kwa mshazari. Kuna jamaa alipigana na mkondo macho yakiwa kwenye kitambaa chake chekundu pale mchangani. Nilipomfikia mikono haikuinuka tena, na hakuwa amesogea hata hatua moja.

4. Tyubu za kukodi ni za mchezo tu. Upepo ukitoka nchi kavu huipeperusha tyubu kama jani. Pale miguu isipogusa chini, usiipande.

5. Mwenzio akizama, usimrukie. Anayezama hata kelele hapigi. Utaona kinywa kinazama na kuibuka. Mrushie dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa. Akitolewa hapumui, achaneni na kumbinya tumbo au kumning'iniza kichwa chini. Mpulizie pumzi 2, kandamiza kifua mara 30, rudia bila kuacha, mwingine akitafuta gari la wagonjwa.