Gari likichemsha kwenye foleni, anza na feni

Gari linalochemsha kwenye foleni ya Tazara jijini Dar es Salaam, kisha mshale wa joto ukashuka mara tu njia inapofunguka kuelekea uwanja wa ndege, mara nyingi huwa na tatizo la feni, kwa sababu likiwa kwenye mwendo upepo huipoza rejeta bila msaada wake. Ukiwa nyumbani, washa injini pamoja na AC: katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni inapaswa kuzunguka muda mfupi baadaye, na isipozunguka kagua fyuzi na relei (swichi ya umeme inayoiwasha feni) kabla hujamlipa fundi.

Feni ikiwa nzima, zima gari na usubiri injini ipoe kabisa, kwani mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ungali moto hurusha maji yanayobabua uso, kisha uangalie kiwango cha maji. Yakiwa yanapungua bila kuvuja popote, chomoa kijiti cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, shuku kwamba gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha maji na oili ndani ya injini, imeharibika, na usiliwashe gari tena. Maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi, usiyatumie kujazia: huacha ukoko wa chumvi ndani ya rejeta.