Somo: Kujitolea taaluma yako ya sheria kwa watoto wenye ulemavu, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Wanasheria wengi na wanafunzi wa sheria wanatamani kujitolea kwenye haki za watoto, ila ukimuuliza mtu ataanzia wapi anakwambia nitatuma sivii kwenye mashirika, anatuma, halafu hamna kinachoendelea na hamu inaisha. Somo hili ni la hao. Nimelielekeza kwa watoto wenye ulemavu kwa sababu ndo wanaoanguka katikati: ukienda kwa watetezi wa watoto unaambiwa hiyo ishu ni ya ulemavu, ukienda kwa watetezi wa ulemavu unakuta mipango yote ni ya mtu mzima, ajira, kura, mikopo, mtoto hayumo. Mwanasheria anayeweza kushika pande zote mbili kwa pamoja bado ni adimu sana na kazi ipo nyingi.

Hatua ya 1: Jua unatoa nini

Usiende kwenye shirika ukasema niko tayari kwa lolote, hilo linawapa kazi ya kukutafutia kazi. Sema wazi, mfano: naweza masaa matatu kwa wiki kwa miezi sita, naandika rasimu vizuri, sina leseni ya kusimama mahakamani. Hapo mratibu anajua akuweke wapi. Na mahakama ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe. Kuna kusaidia familia kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye hakuandikishwa, kuna kukata rufaa ya kiutawala pale mtoto aliponyimwa shule au msaada wa serikali, kupitia sera ya ulinzi wa mtoto ya shirika, kufanya utafiti wa hukumu, kuchambua muswada, kuandika mwongozo wa haki kwa lugha nyepesi ambayo mtoto mwenye ulemavu wa akili ataielewa. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau ila ni ngumu kuliko kuandika hoja za mahakama, na inasaidia watu wengi zaidi.

Hatua ya 2: Soma mikataba miwili kwa pamoja

Wa kwanza ni Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, wa pili ni Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, yote ya Umoja wa Mataifa. Watu wanasoma mmoja wanaishia hapo. Yaweke mezani yote, anza na ibara ya 23 kwenye kila mmoja, maana imetokea kwamba kwenye wa watoto ndo ibara inayohusu mtoto mwenye ulemavu, na kwenye wa ulemavu ni ile ya familia, inayokataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi wenyewe. Hii ya pili utaitumia sana.

Halafu nenda ibara ya 7 ya mkataba wa ulemavu. Ile ya 12 ya mkataba wa watoto inasema mtoto asikilizwe, ila hii ya 7 inaenda mbele, inasema apewe na msaada unaoendana na umri wake na ulemavu wake ili hayo maoni yatoke. Yaani mtu hawezi kukwambia "huyu haongei" akamaliza, akishasema haongei ndo wajibu wa kumtafutia njia unaanza. Ongeza ibara ya 13 ya kuifikia haki, ya 24 ya elimu jumuishi, na ya 2 ambayo inasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko anayohitaji ili ashiriki sawa na wengine, ni ubaguzi.

Kisha angalia nchi unayofanyia kazi imeridhia nini na ni ibara zipi imesema haitafungwa nazo. Usidhani tu. Marekani kwa mfano imesaini mikataba yote miwili ila haijaridhia hata mmoja, kwa hiyo mwanasheria wa kule hoja zake anazijenga kwenye sheria za ndani. Hata pale iliporidhiwa mahakimu wengi wanataka kwanza uwaonyeshe sheria ya nchi, mkataba unakuja kuitafsiri.

Hatua ya 3: Chagua pa kujitolea

Ushauri wangu anza na mashirika yanayoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe au vyama vya wazazi. Ibara ya 4 ya mkataba wa ulemavu inataka maamuzi yanayowahusu yafanyike kwa kushauriana nao, watoto wakiwemo, na wewe mwanasheria hilo linakuhusu pia. Sehemu nyingine ni vituo vya msaada wa kisheria, kliniki za sheria za vyuo vikuu, chama chenu cha mawakili, na mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa ambao una kazi za kufanya mtandaoni kabisa bila kusafiri.

Kuwa makini na makao ya watoto yanayotafuta mwanasheria wa kujitolea. Baadhi wanataka mtu wa kuwawekea sawa karatasi za watoto ambao wana ndugu zao hai kabisa. Uliza mapema: mtoto alifikaje hapa, nani aliamua, lini uamuzi unapitiwa upya, familia inasaidiwaje wamchukue. Wakikwepa hayo maswali, ondoka.

Hatua ya 4: Andikishaneni

Kujitolea hakuondoi wajibu wa kitaaluma. Mteja asiyelipa ana haki ya siri ileile, umakini uleule na tarehe zilezile za mwisho. Kwa hiyo kabla hujagusa faili pata karatasi inayosema kazi ni ipi na inaishia wapi, nani anakusimamia, bima ya kitaaluma iko kwa nani, faili zinatunzwa wapi, mgongano wa maslahi umeangaliwa. Wakikuomba ukaguzi wa rekodi ya jinai usikasirike, shirika linalokuruhusu kukaa na watoto bila kukukagua ndo la kuogopa.

Hatua ya 5: Kukutana na mtoto

Hapa ndo penyewe na hapa ndo nawaomba mtulie.

Kabla ya siku yenyewe uliza anawasilianaje. Lugha ya alama, nukta nundu, picha, ubao wa herufi, kifaa cha sauti, kukonyeza macho, maneno machache yanayoeleweka na dada yake tu. Mkalimani wa lugha ya alama asiwe mzazi wala mwalimu kama kesi inagusa nyumbani au shuleni, hilo liko wazi lakini linavunjwa kila siku kwa sababu mkalimani wa nje anagharimu na mama yuko pale pale bure. Na kuna watoto viziwi ambao hawajawahi kufundishwa lugha yoyote ya alama rasmi, hapo utahitaji mkalimani kiziwi afanye kazi pamoja na yule anayesikia.

Ukifika ongea naye yeye. Mwangalie yeye, sio mama yake, hata kama jibu litatoka kwa mama. Jitambulishe, mwambie kazi yako ni nini kwa maneno mafupi, na mwambie kitu gani huwezi kukiweka siri, kwa mfano akikwambia anaumizwa. Usimwambie baada ya kusema, mwambie kabla. Maswali yawe mafupi, moja moja, usirudie swali lilelile mara nyingi maana mtoto akiulizwa tena anadhani jibu la kwanza lilikuwa baya analibadilisha, halafu upande wa pili unakuja kusema mtoto hana msimamo. Mpe muda, kimya kirefu usikijaze. Akichoka, funga, rudi siku nyingine.

Na swali la "anaweza kutoa ushahidi au hawezi" lisiwe la kwanza. La kwanza ni anahitaji nini ili aweze. Mapumziko, mtu wa kumsindikiza, maswali yaandikwe na kupitiwa kabla, chumba kidogo badala ya mahakama ya wazi, msaidizi wa mawasiliano. Haya yanaitwa marekebisho ya utaratibu na kuna jambo la kisheria wengi hawalijui: marekebisho stahiki ya kawaida mtu anaweza kuyakataa akithibitisha ni mzigo uliopitiliza, ila haya ya kwenye mfumo wa haki hayana huo mpaka. Kanuni na Miongozo ya Kimataifa ya kuifikia haki ya mwaka 2020, ambayo ina kanuni 10, imelieleza hilo vizuri, iprinti ukae nayo.

Hatua ya 6: Barua kabla ya kesi

Tuchukue mtoto anayetumia kiti cha magurudumu kakataliwa shule, mwalimu mkuu kasema kwa mdomo "hatuna uwezo". Kesi ya kwanza hapo ni karatasi. Andika barua ya heshima, omba uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu, taja kifungu cha sheria ya nchi, taja ibara ya 24, na orodhesha mtoto anahitaji nini hasa: darasa lihamie chini, choo kimoja kirekebishwe, mtihani aongezewe muda. Mara nyingi "hatuna uwezo" inayeyuka ikishageuzwa kuwa vitu vitatu vinavyoweza kuhesabiwa bei. Isipoyeyuka, tayari una ushahidi. Weka tarehe ya kujibiwa kwenye barua na uifuatilie, maana mwaka wa masomo hausubiri na mtoto akipoteza mwaka hata ushindi unakuwa nusu.

Na usikubali "tumempokea" kama mwisho. Kamati ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ile ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa ulemavu, kwenye Maoni ya Jumla namba 4 ya 2016 (waraka wake wa kufafanua ibara ya 24) imetofautisha kuingizwa tu kwenye shule ambayo haijabadilika chochote na ujumuishi wenyewe. Mtoto kukaa nyuma ya darasa bila vifaa hajajumuishwa.

Hatua ya 7: Kabidhi

Muda wako ukiisha andika kurasa mbili: kesi imefikia wapi, tarehe gani zinakuja, nani kaahidi nini. Muage mtoto mwenyewe na umtambulishe anayepokea.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili sina leseni, nina faida gani?*

Unayo mdogo wangu. Utafiti, kuandaa faili, kupanga ratiba ya ushahidi, kuandika miongozo ya lugha nyepesi. Usitoe ushauri wa kisheria peke yako, kila kitu kipitie kwa wakili anayekusimamia.

*Mimi ni wa sheria za biashara na hakimiliki, mambo ya watoto sijui kabisa.*

Mkuu wewe unatafutwa. Mashirika madogo yanakosa mtu wa kupitia mikataba, katiba zao, mikataba ya kazi. Na hakimiliki ndo kabisa, kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ulioanza kufanya kazi 2016, unaruhusu vitabu vigeuzwe nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa wasioona bila kusubiri kibali cha mwenye haki. Ukiwasaidia shule na maktaba kujua sheria ya nchi yao inawaruhusu nini, watoto wanapata vitabu vya kiada.

*Mzazi anataka mtoto apelekwe bweni maalumu, mtoto wa miaka 14 hataki. Nimfuate nani?*

Dada, kwanza jua mteja wako ni nani, hiyo iwe kwenye karatasi ya hatua ya 4. Kama ni mtoto, unabeba msimamo wake, na mzazi mshauri atafute mwanasheria wake. Ila usimfanye mzazi adui. Mara nyingi mzazi kachoka, hana mtu wa kumpokea mtoto mchana, na akipatiwa huo msaada ombi la bweni linaisha lenyewe. Kwa hiyo dai msaada kwa familia, ibara ya 23 ya mkataba wa ulemavu inauhitaji.

*Tunaweza kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa moja kwa moja?*

Inawezekana lakini sio moja kwa moja. Nchi lazima iwe imeridhia itifaki husika, yaani mkataba wa nyongeza unaoruhusu malalamiko, kwa watoto ni Itifaki ya tatu iliyoanza kazi Aprili 2014, na uwe umemaliza njia za ndani isipokuwa zinacheleweshwa kupita kiasi. Kwa hiyo ya watoto una mwaka mmoja tangu umalize njia za ndani. Njia nyepesi zaidi kwa anayejitolea ni kusaidia ripoti mbadala, yaani ile inayoandikwa na mashirika pembeni ya ripoti ya serikali, pale nchi inapokaguliwa na kamati ya mkataba husika.

*Shirika linataka picha ya mtoto tuliyemshindia kesi waweke mtandaoni, mama karuhusu.*

Ruhusa ya mama haitoshi, mtoto mwenyewe aulizwe kwa njia anayoielewa, aonyeshwe picha itakaa wapi. Kama kesi ilihusu ukatili au faili limefungwa na mahakama, jibu ni hapana hata akikubali.

*Mimi ni wakili kiziwi, naona mashirika mengi yanatangaza nafasi za kusaidia watu kama mimi ila hawana mkalimani kwenye vikao vyao. Nifanyeje?*

Omba nafasi, na kwenye barua ya maombi hiyohiyo andika unahitaji mkalimani kwenye vikao, ukitaja na kifungu cha sheria ya nchi yako kinachohusu marekebisho stahiki. Wakisema bajeti haipo, waambie waiombe kwenye andiko lijalo la mradi na ujitolee kuwaandikia hicho kipengele. Mtoto kiziwi akikuona wewe ndo wakili wake ataongea mambo ambayo kwangu mimi asingeyasema.