Namna ya kuchagua megawati za mkataba wa gridi: mfano wa Brazili

Huko Brazili, kampuni inayosambaza umeme husaini mkataba wa kutumia njia za kusafirisha umeme, ikitaja megawati inazohitaji katika kila kituo inapopokea umeme. Saa za kilele, matumizi yanapokuwa makubwa zaidi, zina kiasi chake, saa nyingine chake. Tuanze na kituo kimoja, tukifuata kanuni za mdhibiti wa umeme wa Brazili, ANEEL.

1. Andika kanuni ya malipo kabla ya kugusa takwimu. Kila mwezi unalipia kilicho kikubwa kati ya kiasi cha mkataba na kilichopimwa. Ukivuka 110% ya mkataba, kila megawati iliyozidi hapo inaongezewa tozo ya mara 3 ya bei. Kilele cha mwaka mzima kikibaki chini ya 90%, unatozwa kwa kujiwekea mkataba mkubwa mno.

2. Tengeneza miaka mingi ya kubuni, kila mmoja na vilele vya miezi yake 12. Utabiri mmoja hautoshi: kuna joto kali, paneli za sola mapaani, na mitambo midogo ya umeme wa maji inayopungukiwa wakati wa ukame. Kuna pia mzigo unaohamishwa wakati wa matengenezo; kituo kimoja kinapanda, jirani yake anashuka. Kwa hiyo buni vituo vinavyopeana mzigo kwa pamoja, kamwe si kimoja kimoja.

3. Jaribu kila kiasi cha mkataba. Tuseme miezi ya joto inafika MW 118 na mingine haifiki 100. Ukisaini 118, unalipia 118 × 12 = 1,416 kwa mwaka. Ukisaini 108, mwezi wa joto ukiwa mmoja tu, ni 118 + 11 × 108 = 1,306; hakuna tozo, maana 110% ni 118.8. Ukisaini 100, 110% ni 110, umezidi kwa 8, tozo ni 3 × 8 = 24; jumla ni 118 + 24 + 1,100 = 1,242. Naam, kuvuka mara moja ni nafuu! Miezi ya joto ikifika 3, 100 na 108 zinalingana. Ikiwa 4, 108 inashinda. Swali la kweli, basi, ni kilele kitarudi miezi mingapi.

4. Tenganisha anayelipa. Malipo ya kawaida huingia katika bei ya mteja, tozo hubaki kwa kampuni. Ndiyo maana meneja huvutwa kusaini 118. Mimi hupeleka mezani safu zote mbili, ya mteja na ya kampuni, kwa kila kiasi kilichojaribiwa.