Pima ardhi kabla ya kujenga septiki
Kabla fundi hajaanza kuchimba, toboa kishimo chenye upana wa sentimita 30 hivi, kina chake kifike pale mtaro wa kunyonya maji (unaopeleka maji ya septiki udongoni) utakapokaa. Kwaruza kuta zake, kijaze maji, kisha uache udongo ulowe usiku kucha; udongo mkavu hunywa haraka na kukudanganya. Kesho yake jaza tena, upime kwa rula maji yanashuka kiasi gani kila nusu saa. Yasiposhuka, huenda huo ni udongo wa mfinyanzi, usionyonya maji. Yakitoweka papo hapo usifurahie, mchanga mtupu hauchuji uchafu vizuri. Maji ya ardhini yaangalie msimu wa mvua, si kiangazi. Ukiona mabaka ya kijivu na rangi ya kutu udongoni, maji huwa yanapanda mpaka hapo.